Kabla ya Vidonge: Waliowahudumia Wenye Virusi vya UKIMWI

Kamati ya kitabu hiki cha maadhimisho iliponitaka niandike makala ya historia, ilitarajia, nadhani, kwamba nitaeleza majahazi ya babu zetu kutoka Kutch na Kathiawar, au maduka ya kwanza yaliyofunguliwa kandokando ya reli na ziwa. Historia hiyo imekwisha kuandikwa mara nyingi katika vitabu vya aina hii, na kila mara majahazi huzidi kuwa madogo na mawimbi huzidi kuwa makubwa. Niliomba ruhusa niandike historia nyingine, iliyotokea mbele ya macho yetu sisi tulio hai, na ambayo kwa maoni yangu imeanza kusahauliwa kabla haijaandikwa vya kutosha. Ni historia ya jinsi watu wa kawaida wa nchi hii walivyojipanga kuwahudumia wenzao wanaoishi na virusi vya UKIMWI, katika miaka ambayo dawa haikuwepo.

Sikusudii kueleza habari za madaktari wala za maabara. Wao wanao waandishi wao. Nakusudia ile kazi iitwayo ustawi wa jamii: kumtembelea mgonjwa nyumbani, kumsikiliza, kumwandikia barua, kumtafutia mtoto wake nafasi ya shule, kumlindia mjane nyumba yake. Kazi hii haina jengo la kuwekewa jiwe la msingi, na kwa hiyo haionekani katika picha za wageni waheshimiwa wakikata utepe. Siku hizi vijana wakiulizwa ni nini kilichowaokoa watu, hujibu kwa neno moja: vidonge. Jibu hilo ni kweli kwa miaka hii ya karibuni, lakini vidonge vilipofika vilikuta watu wamekwisha kuitengeneza njia kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na bila njia hiyo vingeishia ghalani.

Kwa upande wa Tanzania, mwanzo ni mkoa wa Kagera. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa nchini waligunduliwa huko mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage, miaka miwili tu baada ya wataalamu wa Marekani kutoa taarifa ya kwanza, mwezi Juni 1981, kuhusu wanaume watano wa mji wa Los Angeles. Ilipofika mwaka 1986, mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kutoa taarifa za wagonjwa.

Mimi ni mtu wa vitambaa. Familia yetu ilikuwa na duka la nguo Bukoba, na naweza kusema kwamba jina la kwanza la ugonjwa huu lilitoka katika biashara yetu. Watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo ya fasheni iliyoingizwa kutoka Uganda na wafanyabiashara wa magendo baada ya vita vya 1978 na 1979. Vita vilikuwa vimeacha uhaba wa kila kitu, na mpaka ulikuwa wazi kwa aliyethubutu. Waliothubutu walipata fedha, wenye fedha walivaa Juliana, na baada ya miaka michache watu wakaona kwamba wavaaji wa Juliana ndio waliokuwa wakikonda na kufa. Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Rakai, ugonjwa uliitwa Slim, yaani wembamba, na ilisemwa kuwa ni uchawi wa wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa mali zao na wenzao wa Uganda. Kila upande ulikuwa na maelezo yake.

Jina kama hilo lilifanya kazi yake kabla daktari hajafika. Aliyeugua ugonjwa wenye jina la vazi la anasa alikuwa amekwisha kuhukumiwa kuwa aliutafuta mwenyewe. Mke aliyebaki kijijini na kuambukizwa na mumewe aliingizwa katika hukumu ileile, na mtoto vilevile. Serikali, kwa upande wake, iliunda mpango wa taifa wa kudhibiti UKIMWI chini ya Wizara ya Afya katikati ya miaka ya 1980, na redio ikatangaza kila jioni kwamba UKIMWI unaua. Tangazo hilo lilikuwa la kweli na la lazima. Lakini halikumweleza mtu aliyeambiwa leo kwamba ana virusi afanye nini kesho asubuhi.

Waliolijibu swali hilo mapema katika eneo letu walikuwa majirani zetu wa Uganda, na jibu lenyewe lilizunguka kwanza Uingereza. Mwaka 1986, Christopher Kaleeba, Mganda aliyekuwa akisoma katika mji wa Hull, aligunduliwa kuwa na UKIMWI. Mkewe, Noerine, mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali ya Mulago, alisafiri kwenda kumuuguza. Alikuta wauguzi wanaomshika mumewe kwa mikono yao, na watu wa kujitolea wanaokuja kukaa naye na kuzungumza naye, bila kumletea dawa yoyote kwa kuwa haikuwepo. Waliporudi Kampala, alikuta hofu: watu hawataki kumkaribia, wala kumgusa. Christopher alifariki Januari 1987. Mwaka uleule Noerine na wenzake kumi na watano, wengi wao wakiwa wenyewe wana virusi, walianzisha shirika la TASO. Wengi wa kundi hilo la kwanza wamekwisha kufariki, na walikuwa wakijua wakati wa kuanza kwamba hawatakuwepo kuona mwisho. Msemo waliouleta, ambao kwa Kiswahili tunausema "kuishi kwa matumaini", leo umechakaa kwa kutumiwa katika fulana na kofia. Siku ile ya kwanza ulikuwa ni ukaidi mtupu.

Dar es Salaam ilifuata mwaka 1989. Theresa Kaijage, ambaye fani yake ni ustawi wa jamii, alianzisha pamoja na wenzake chama kilichoitwa WAMATA, yaani Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania. Naomba msomaji alitazame neno la kwanza katika jina hilo. Chama hakikujiita cha wagonjwa, wala cha wasamaria wema wanaowasaidia wagonjwa. Kilijiita cha "walio katika mapambano", na ndani ya maneno hayo wamo mwenye virusi, mke wake, mama yake mzazi, jirani anayemchotea maji na mfanyakazi wa kujitolea. Ukiingia mlangoni hakuna ajuaye wewe ni nani kati ya hao. Mimi nimekaa katika kamati nyingi za hisani, na sijaona kamati iliyofikiria jina lake kwa makini kiasi hicho.

Wengine waliongezeka kwa haraka. Moshi, katika mwaka 1990 ambao Siku ya UKIMWI Duniani iliwekwa kwa ajili ya wanawake, palizaliwa KIWAKKUKI, Kikundi cha Wanawake Kilimanjaro Kupambana na UKIMWI. Mwaka 1992, Dar es Salaam, kikundi kidogo cha watu wenye virusi kiliiendea Jimbo Kuu Katoliki kuomba msaada, na kutokana na ombi hilo ikaanza PASADA, ambayo hadi leo inajulikana Temeke nzima. Mwaka 1994 kilikuja SHDEPHA+, chama cha watu wanaoishi na virusi wenyewe, wakijitokeza kwa majina yao wakati kujitokeza kulimaanisha kufukuzwa chumba cha kupanga.

Kazi yenyewe ilipangwaje? Hapa ndipo penye historia ninayotaka isipotee, na nitaeleza kwa mfano mmoja ninaoujua.

Barazani kwa duka letu walikuwepo mafundi cherehani, kama ilivyokuwa desturi ya maduka ya nguo. Mteja hununua kitambaa ndani, na hushonewa nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mmoja wao, fundi hodari wa sare za shule, alianza kukosa siku moja, kisha siku tatu, kisha wiki. Sote tulijua, na hakuna aliyesema. Siku moja alikuja dukani mama mmoja mfanyakazi wa kujitolea, mtu wa makamo, na daftari la shule mkononi. Tulidhani amekuja kwa mchango, na marehemu baba yangu alikwisha kufungua droo.

"Sikuja kuomba pesa, Mzee," alisema. "Nimekuja kuuliza: cherehani ile ni ya nani?"

Cherehani ile fundi alikuwa ameichukua kwetu kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, na karatasi zake zilikuwa dukani. Alikuwa amebakiza malipo machache. Yule mama alieleza kwa sauti ya chini kwamba mgonjwa anataka cherehani ibaki kwa mkewe, ambaye naye anajua kushona, na kwamba akifa bila karatasi, ndugu zake wataichukua kabla matanga hayajaanuliwa. Aliomba mambo mawili: deni lililobaki lilipwe kwa kazi ya mke, na stakabadhi ya mwisho iandikwe kwa jina la mke, mbele ya shahidi. Baba aliniambia, "Andika." Mimi ndiye niliyeandika, na mjumbe wa nyumba kumi akatia sahihi yake.

Fundi alifariki. Ndugu walikuja, kama ilivyotabiriwa. Stakabadhi ilisomwa, na cherehani ikabaki. Kibanja hakikubaki, kwa sababu kibanja hakikuwa na stakabadhi, kilikuwa na ukoo. Mama yule wa daftari alirudi mara nyingi kwa ajili ya kibanja kile, akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akaenda kwa wazee wa ukoo, na hakufaulu. Lakini watoto watatu walisomeshwa kwa cherehani.

Nimesimulia habari hii kwa sababu inaonyesha kazi ya ustawi wa jamii ni nini, jambo ambalo baadhi yetu katika biashara hatukulifahamu. Mtu yule hakuleta unga wala blanketi. Alileta swali lililo sahihi, kwa mtu aliye sahihi, kabla ya wakati kupita. Ili aweze kuliuliza, ilibidi kwanza awe ameketi na mgonjwa mara nyingi, mpaka mgonjwa akamwamini na kumweleza hofu yake halisi, ambayo haikuwa kifo bali cherehani. Hicho ndicho wataalamu wanachokiita ushauri nasaha. Maneno hayo mawili yana maana karibu moja, na nimewahi kujiuliza kwa nini yamefungwa pamoja. Huenda ni kwa sababu moja peke yake lingeeleweka kama maneno ya mkubwa kwa mdogo.

Nyuma ya swali la cherehani kulikuwa na sheria. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 lilimnyima mjane fungu katika urithi wa mumewe pale walipokuwepo watoto au ndugu wa ukoo. Alitegemea kutunzwa na watoto wake. Katika miaka ya kawaida, mila hiyo ilikuwa na watu wa kuibeba: walikuwepo watoto wakubwa, mashemeji, na wajomba. UKIMWI uliwachukua haohao wa kubeba. Mjane wa miaka ishirini na mitano, mwenye virusi na watoto wa chekechea, alibaki akitegemea ukoo uliokuwa ukizika kila wiki. Mwaka 1990, katika shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyekuwa ameuza shamba alilorithishwa na baba yake, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliamua kwamba mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo kama mwanamume inapingana na Katiba. Hukumu hiyo imesifiwa duniani. Vijijini ilifika polepole sana, na walioifikisha ni watu wa madaftari, wakiwafundisha wagonjwa kuandika wosia.

Wosia ni neno zito kulitamka mbele ya mgonjwa. Katika mila zetu sisi wa asili ya Gujarat, na katika mila za wenyeji wetu wa Kagera pia, kumtajia mtu wosia ni kama kumwitia mauti. Wahudumu wa kwanza walilazimika kuitafuta lugha. Huko Uganda, akina mama wa chama cha NACWOLA, kilichoundwa mwaka 1992 na wanawake wenye virusi, walianzisha desturi ya kitabu cha kumbukumbu. Mama humwandikia mtoto wake ulizaliwa wapi, babu yako ni nani, ulipenda chakula gani, shamba letu limepakana na la nani. Ndani ya kitabu cha mapenzi, mipaka ya shamba imeandikwa. Mtu wa biashara huona mara moja uhodari wa jambo hilo.

Upande wa watoto ulikuwa mzito kuliko wote. Kati ya 1991 na 1994 watafiti wa Benki ya Dunia na wenzao wa Muhimbili walizitembelea kaya 915 za Kagera mara kwa mara, ili kujua kifo cha mtu mzima kinaifanya nini familia. Wakati ule ada ya shule ya msingi ilikuwa bado inatozwa. Ilifutwa baadaye, katika mpango ulioanza 2001 na 2002. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya mhudumu ilikuwa ni kumwendea mwalimu mkuu kuomba muda, kumwendea mwenye duka kuomba kitambaa cha sare, kumwendea bibi wa watoto na kumshawishi asiwatawanye ndugu. Yote hayo yaliandikwa katika daftari, kwa namba badala ya jina. Daftari lenyewe lilifichwa kuliko fedha.

Siri ilikuwa roho ya kazi. Wagonjwa waliomba gari lenye nembo lisisimame mlangoni kwao. Mhudumu aliyekutana na mgonjwa wake sokoni alipita bila kusalimu, mpaka asalimiwe yeye kwanza. Nimeona kampuni kubwa zisizoweza kutunza siri ya bei ya mchele kwa siku mbili, na akina mama wasiolipwa mshahara waliotunza siri za mtaa mzima mpaka kaburini.

Sasa niseme neno kuhusu jumuiya zetu. Ugonjwa haukuuliza mtu anasali wapi. Kwetu nako uliingia, na kwetu uliitwa kifua, au damu, au safari ya matibabu Mumbai. Jumuiya ndogo ina fadhila kubwa ya kujuana, na adhabu yake ni hiyohiyo. Familia iliogopa kwamba jina likijulikana hakuna binti wa nyumba ile atakayeposwa. Mfano unaojulikana na dunia nzima ni wa mtoto wa Zanzibar, Farrokh Bulsara, aliyezaliwa mwaka 1946 kwa wazazi Waparsi wenye asili ya Gujarat, ambaye baadaye aliitwa Freddie Mercury. Alikuwa na mali, umaarufu na madaktari bora wa London, na bado aliutangaza ugonjwa wake tarehe 23 Novemba 1991. Alifariki kesho yake. Ikiwa yeye ilimchukua muda huo wote, mwenye duka la rejareja wa mji mdogo angefanyaje?

Hisani ya jumuiya zetu wakati ule ilikuwa ya vitu. Mahekalu, misikiti na mabaraza yetu yalitoa mablanketi, unga, sabuni, na vitu hivyo vilihitajika. Lakini mashirika niliyoyataja yalihitaji zaidi watu wa kukaa kitandani kwa mgonjwa, na hao kutoka kwetu walikuwa wachache. Nawakumbuka akina mama wawili watatu waliokwenda wodini na vyombo vya chakula na kurudi jioni, na kusemwa vibaya kwa ajili hiyo. Picha zao hazimo katika vitabu vya maadhimisho. Neno letu seva maana yake ni kutumikia, na wao walilielewa hivyo.

Mambo yalibadilika kwa hatua tatu, na nitazipita haraka kwa kuwa zinajulikana. Tarehe 31 Desemba 1999, hayati Rais Benjamin Mkapa alitangaza katika salamu zake za mwaka mpya kwamba UKIMWI ni janga la taifa. Mwaka 2001 Bunge likaunda Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS, na Meja Jenerali Herman Lupogo akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Hatua ya pili ilitoka Mumbai. Februari 2001, Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla alitangaza kwamba atayauzia mashirika ya hisani mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati makampuni ya Ulaya na Marekani yalikuwa yakitoza zaidi ya dola 10,000. Mfanyabiashara anajua bei ikishuka hivyo soko zima hugeuka, na liligeuka. Hatua ya tatu ni mwaka 2004, dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure katika hospitali za serikali.

Ndipo watu wa madaftari walipobadilishiwa kazi bila kupewa mapumziko. Jana walikuwa wakimwandaa mtu kufa, leo inawapasa kumwandaa kuishi, na kuishi kuna mashaka mengi zaidi. Kidonge kinataka kumezwa kila siku, maisha yote. Mtu anayemficha mumewe dawa hawezi kukimeza. Asiye na nauli ya kliniki hawezi kukichukua, na aliyeambiwa na mhubiri kwamba amepona hataki tena kukiona. Daktari wa kliniki ana dakika chache kwa kila mgonjwa, hivyo anayegundua kwamba fulani ameacha dawa ni yule anayepita nyumbani kwake. Kuanzia 2006 Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam, kwa ushirikiano na chuo cha ustawi wa jamii cha Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago, iliandaa mafunzo mafupi kwa wasaidizi wa ngazi ya kata na kijiji, kwa sababu maafisa wenye shahada hawakutosha hata kwa wilaya. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria ya UKIMWI inayokataza unyanyapaa na ubaguzi. Wenye virusi wenyewe wakajiunga katika vikundi, na vikundi vya kila wilaya vikaungana kuwa konga.

Matokeo yanapimika. Utafiti wa kitaifa wa 2003 na 2004 ulikuta watu 7 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana virusi. Utafiti wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Vipimo hivyo viwili havilingani kabisa, lakini mwelekeo unaonekana. Asilimia 4.4 hiyo ni takriban watu milioni moja na nusu, na wengi wao wako kazini, wanalea watoto, wanasimama mbele yetu dukani wakichagua vitambaa.

Historia hii ingeweza kuishia hapo, kama si yaliyofuata. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani, ambayo kwa miaka zaidi ya ishirini ilikuwa mfadhili mkubwa wa huduma hizi, ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika lake la misaada likawa limefungwa. Dawa zenyewe, kwa kuwa ni suala la uhai, zilitafutiwa njia. Wa kwanza kuambiwa wabaki nyumbani walikuwa wale waliolipwa posho ndogo kwa kupita nyumba kwa nyumba. Katika hesabu za mfadhili, mtu anayezungumza na watu huonekana gharama inayoweza kungoja. Sisi wafanyabiashara tunaijua hesabu hiyo: mambo yakiwa mabaya huachishwa kwanza mtu wa kufuatilia madeni, na baada ya miezi sita hakuna anayejua nani anadaiwa.

Baadhi yao wanaendelea bila posho. Mmoja ninayemfahamu huenda kwa miguu katika kata mbili, na daftari lake ni la karatasi, kama lile la Bukoba. Nilimuuliza anahitaji nini. Alitaja nauli ya bodaboda kwa nyumba za mbali, muda wa maongezi wa simu, na viatu vya mpira kwa ajili ya masika. Chakula cha msaada hakukitaja.

Nimewasilisha kwa wadhamini wa hekalu letu, kwa maandishi, ombi kwamba sehemu ya fedha za maadhimisho haya iwekwe kando kwa mwaka mmoja kuwagharimia wahudumu wanne wa namna hiyo, watakaochaguliwa na konga ya wilaya na si na sisi, bila bango na bila picha. Pamoja na ombi hilo nimeeleza kwamba wahudumu hao hawatatuletea majina ya wanaowatembelea, na kwamba sharti hilo halijadiliwi. Ombi limepangwa kusikilizwa katika kikao cha baada ya Diwali.